Fundi ameondoka, mfumo wa masomo umebaki mikononi mwangu

SWALI

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mkufunzi wa uuguzi katika chuo kimoja cha afya mkoani Ruvuma. Mwaka 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, kijana wetu wa TEHAMA alitufungia Moodle, programu ya bure ya kuendeshea masomo mtandaoni, ili wanafunzi waendelee kusoma wakiwa nyumbani. Chuo kilipofunguliwa tuliendelea nayo, hasa kwa wanafunzi wanaokwenda mazoezi ya vitendo kwenye hospitali za wilaya, maana wakiwa huko hatuwaoni kwa wiki nyingi.

Mwaka jana kijana huyo alipata kazi Dodoma. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa naitumia Moodle kuliko wenzangu, mkuu wa chuo aliniita ofisini akanikabidhi karatasi yenye nywila mbili, akasema, "Sista, wewe utatusaidia." Tangu siku hiyo mimi ndiye msimamizi wa mfumo. Vipindi vyangu vya darasani havijapungua hata kimoja.

Mama, mimi nimesomea uuguzi na ualimu, sijasomea seva, hizo kompyuta zinazobeba mfumo. Sasa mambo yameanza kuharibika. Mwanafunzi akipiga picha kurasa za ripoti yake ya wodini na kuzigeuza PDF, mfumo unaikataa kwa madai kwamba faili limezidi MB 2, na zamani halikuwa tatizo. Matangazo tunayoweka kwenye jukwaa la somo hayawafikii wanafunzi kwa barua pepe. Nikiingia kama msimamizi napokewa na maonyo, moja linasema cron haijafanya kazi, jingine linasema toleo letu, 3.9, limepitwa na wakati. Wenzangu wamekata tamaa, wamerudi kukusanya kazi kwa WhatsApp, na alama zinapotea.

Imekuja kampuni moja inataka kutufungia mfumo wao wa kulipia kila mwaka. Wanamwambia mkuu kwamba programu ya bure haina mwenyewe, ikiharibika huna wa kumpigia simu. Mkuu anaelekea kukubali. Mimi naipenda Moodle na nisingependa tuanze upya, lakini siwezi kumjibu, kwa sababu kweli sijui nimpigie nani. Nimetazama video nyingi za mtandaoni, kila moja inaonyesha mambo yasiyofanana na ninayoyaona kwangu.

Nitapata wapi msaada na mafunzo? Au tukubali tu kununua?

Mkufunzi, Ruvuma

JIBU

Marahaba, mwanangu. Umebebeshwa kazi ya watu wawili na bado unajali alama za wanafunzi wako zisipotee. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu walio katika hali kama yako ni wengi, na wengi wao huishia kuuacha mfumo mzuri kwa kukosa tu mtu wa kuwaonyesha pa kuanzia.

Kabla ya mafunzo ya aina yoyote kuna kazi ya wiki hii: hakikisha mfumo ni mali ya chuo kweli. Nywila mbili kwenye karatasi hazitoshi. Jina la tovuti yenu limesajiliwa kwa barua pepe ya nani? Seva inalipiwa na nani, na ule ujumbe wa kwamba malipo yanakaribia kuisha unamfikia nani? Mara nyingi unakuta vyote vimeandikishwa kwa barua pepe binafsi ya aliyeanzisha. Hakufanya kwa ubaya, ndivyo ilivyokuwa rahisi siku ile. Mpigie kijana wenu wa Dodoma. Mwombe kwa heshima ahamishie kila kitu kwenye barua pepe ya ofisi ya chuo, akutajie nywila za seva na za hifadhidata, na akueleze alikuwa anafanya nini kila mwezi ambacho wewe hukukiona. Andika yote anayokwambia, na karatasi hiyo ikae pia kwa mkuu, ndani ya bahasha.

Siku hiyo hiyo pata nakala ya akiba. Watu wengi hudhani wakibonyeza kuhifadhi somo na kupata lile faili la mbz wamemaliza. Hilo ni somo moja tu. Moodle nzima ina sehemu tatu: hifadhidata, ambamo mna majina, alama na majaribio, folda ya moodledata, ambamo mna mafaili yote yaliyopakiwa, na msimbo wa programu yenyewe pamoja na faili la config.php. Ukikosa moja kati ya mbili za kwanza, huna nakala. Kampuni inayowahifadhia seva inaweza kukusaidia kuzitoa zote tatu, na ziwekwe mahali pengine nje ya seva hiyo.

Sasa lile neno la kwamba programu ya bure haina mwenyewe. Moodle ilianzishwa na Martin Dougiamas huko Perth, Australia, na toleo la kwanza lilitoka tarehe 20 Agosti 2002. Hadi leo kuna kampuni yenye wahandisi wanaolipwa mshahara kuiendeleza, na inatoa toleo jipya kila baada ya miezi sita. Leseni yake, GPL, inamruhusu yeyote kuitumia na kuibadilisha bila kulipa ada ya leseni. Hapa nyumbani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinaitumia, na kabla ya hapo kilikuwa na Blackboard, mfumo wa kulipia. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania nacho kinaitumia, na hicho wanafunzi wake wametawanyika nchi nzima.

Hata hivyo kampuni iliyowajia na mfumo wake imegusa ukweli mmoja, na mkuu wako asifichwe: leseni ni bure, kazi ya kuutunza mfumo si bure. Lazima mtu alipwe au apewe muda. Chuo chenu kwa sasa hakifanyi hata moja, na hilo ndilo lililoleta haya yote. Mkinunua mfumo mwingine bila kubadilisha hapo, baada ya miaka michache utaniandikia barua hii hii na jina la programu tu ndilo litakuwa tofauti.

Tuyaangalie matatizo yako, kwa sababu nataka uone kwamba hayatishi kama yanavyoonekana.

Hiyo MB 2 naijua vizuri. Moodle imeandikwa kwa lugha ya PHP, na PHP ikifungwa upya bila kurekebishwa huja na kikomo cha MB 2 kwa kila faili linalopakiwa. Bila shaka mwenye seva, yaani ile kampuni inayowahifadhia, alihamisha au aliboresha kitu, mipangilio ya kijana wenu ikafutika. Mwandikie mwenye seva maneno haya: tunaomba upload_max_filesize iwe 20M na post_max_size iwe 25M. Hiyo ya pili lazima iwe kubwa kuliko ya kwanza. Akishamaliza, wewe mwenyewe ukague vikomo vitatu ndani ya Moodle: cha tovuti nzima, cha somo, na cha kazi husika. Kilicho kidogo kuliko vyote ndicho kinachotawala, kwa hiyo ukipandisha viwili ukasahau cha tatu utadhani hakuna kilichobadilika. Wakati unasubiri, waelekeze wanafunzi wapunguze ubora wa picha kwenye programu ya simu wanayotumia kuskani.

Cron ni kazi ya nyuma ya pazia ambayo seva inapaswa kuifanya tena na tena. Moodle wanashauri iwe kila dakika moja. Ndiyo inayotuma matangazo ya majukwaa na kufanya shughuli nyingine za ndani. Ikisimama, wanafunzi hawapati barua pepe na wewe unaona lile onyo. Kuiwasha ni mstari mmoja kwenye seva, na huyo huyo mwenye seva anaweza kuuweka. Kwa hiyo malalamiko yako mawili kati ya matatu ni ombi moja la barua pepe.

La toleo ndilo zito. Toleo 3.9 liliacha kupewa marekebisho ya usalama Desemba 2023, na ninyi mmehifadhi humo taarifa za watu. Toleo la kulenga ni 4.5, lililotoka Oktoba 2024, kwa sababu ni la muda mrefu na marekebisho yake ya usalama yataendelea hadi Oktoba 2027. Ila huwezi kuruka moja kwa moja kutoka 3.9 hadi 4.5. Ni lazima upite 4.1 kwanza, ambayo inakubali PHP 7.4 mnayoweza kuwa nayo sasa, kisha PHP ipandishwe hadi 8.1 au zaidi na hifadhidata nayo ikaguliwe, ndipo uende 4.5. Hii usiifanye wewe, mwanangu. Lipa fundi. Na fundi asiyekuuliza swali lolote kuhusu PHP au nakala ya akiba kabla ya kutaja bei, mshukuru na umtafute mwingine. Afanye kwanza kwenye nakala ya pembeni, uijaribu na wanafunzi wachache, halafu ndipo aguse mfumo wenyewe, tena wakati wa likizo.

Video zimekuchanganya kwa sababu hiyo hiyo. Kuanzia 4.0, iliyotoka Aprili 2022, sura ya Moodle ilibadilika sana, menyu zikahamishwa. Wewe uko 3.9, wao wanaonyesha 4 na kuendelea. Nyaraka rasmi za Moodle zimepangwa kwa kufuata toleo, kwa hiyo ukisoma huko chagua kwanza toleo lako.

Ukishatulia hapo, mafunzo yapo, na mengi hayalipiwi. Kuna Moodle Academy, shule rasmi ya mtandaoni ya Moodle wenyewe. Unajisajili kwa barua pepe, unasoma kwa muda wako, hulipi chochote. Ina njia tofauti za walimu, za wasimamizi na za waandishi wa programu. Anza na Moodle Admin Basics kwa kofia yako mpya. Moodle Teaching Basics wape wenzako. Kozi ziko kwa Kiingereza chepesi, anayefundisha uuguzi kwa Kiingereza hatapata shida. Kuna pia cheti cha kulipia kiitwacho Moodle Educator Certification. Ni kizuri kwa anayetaka kujenga kazi yake katika fani hii, lakini kwa shida uliyo nayo leo hukihitaji.

Ukitaka pa kubonyeza bila kuogopa kuharibu, Moodle wana tovuti ya majaribio ambayo mtu yeyote anaingia kama msimamizi, mwalimu au mwanafunzi, na kila saa hufutwa ikaanza upya. Tengeneza humo kazi ya kukusanya ripoti, jipe jukumu la mwanafunzi, ipakie, rudi kama mwalimu uisahihishe. Utajifunza zaidi kwa hilo kuliko kwa video kumi.

Kwa maswali, kimbilio kubwa ni majukwaa ya jumuiya kwenye moodle.org, ambako wasimamizi wa vyuo duniani kote hujibizana bila malipo. Wengi huandika pale mara moja, hawajibiwi, wakasema jumuiya haina msaada. Tatizo ni namna ya kuuliza. Ukiandika "Moodle yangu haifanyi kazi, nisaidieni haraka", hakuna mahali pa kukushikia. Tafuta kwanza kama swali limeshajibiwa. Halafu taja toleo la Moodle, la PHP na la hifadhidata, eleza ulichofanya hatua kwa hatua, ulichotegemea, na ulichoona, ukinakili maneno ya kosa yalivyo bila kuyafupisha. Kama kosa ni fupi mno, kuna sehemu ya utatuzi kwenye ukurasa wa usimamizi inayoonyesha maelezo marefu. Iwashe, nakili, kisha izime, kwani maelezo hayo hayapaswi kuonwa na wanafunzi. Na ukipata jibu lililofaa, rudi useme limefaa. Mwenye tatizo kama lako mwakani atalitafuta hilo.

Hapa nisisitize jambo moja kwa uzito wote. Ripoti za wodini zina habari za wagonjwa, na mfumo wenu una majina na alama za wanafunzi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na chuo chenu kimo ndani yake. Usiweke picha ya skrini yenye jina la mtu kwenye jukwaa la wazi. Usimpe mgeni anayejitolea kukusaidia nywila ya msimamizi, hata akiwa mwema namna gani. Na hizo kazi zinazokusanywa kwa WhatsApp, zikiwa na habari za wagonjwa kwenye simu binafsi za wakufunzi, zinanitia wasiwasi kuliko hata hilo toleo la zamani.

Msaada wa karibu usiudharau. Chuo Kikuu Huria kina vituo vya mikoa, na Songea kipo. Nenda ukajitambulishe. Huenda mtaalamu wao wa Moodle yuko makao makuu Dar es Salaam, lakini kituo kitakuunganisha, na mtu anayejua mitandao ya kwetu, umeme wa kwetu na simu za wanafunzi wetu ana thamani ambayo jukwaa la kimataifa haliwezi kukupa. Mkuu naye aulize TERNET, mtandao unaounganisha vyuo na taasisi za utafiti nchini, chuo chenu kinaweza kunufaika vipi. Kwa wanaonisoma Kenya, wa kuwauliza ni KENET. Uganda ni RENU.

Kuhusu wenzako waliokimbilia WhatsApp: usiwaitie semina ya siku tatu ya hotelini. Wataelezwa vitu arobaini, watakumbuka chakula. Wachukue wawili walio tayari, wafundishe jambo moja tu, kupokea kazi ya mwanafunzi na kuirudisha na maoni, kwenye somo lao wenyewe na wanafunzi wao wenyewe. Muhula ukiisha na alama zao zikatoka bila kutafutana, wengine watakufuata. Waonyeshe pia programu ya simu ya Moodle. Mwanafunzi anapakua somo akiwa kwenye Wi-Fi ya chuo, analisoma akiwa Mbinga au Tunduru bila bando, na jaribio likiwekewa ruhusa analifanya nje ya mtandao kisha majibu yanapanda akipata mtandao. Hilo ndilo hitaji lenu la mazoezi ya vitendo, na mmekuwa nalo miaka yote bila kulitumia.

Je, mlipe kampuni? Kulipia huduma si dhambi. Moodle ina washirika walioidhinishwa, ambao orodha yao iko kwenye tovuti yake na ambao sehemu ya mapato yao hurudi kuendeleza programu. Wapo pia mafundi wazuri wa hapa nchini wasio kwenye orodha hiyo. Yeyote mtakayemchukua, mkataba useme wazi atajibu ndani ya saa ngapi, nakala za akiba zinachukuliwa lini na zinakaa wapi, nani anapandisha matoleo, na mkataba ukiisha mtakabidhiwa zile sehemu tatu nilizokutajia. Hao waliokuja na mfumo wao waulizeni swali hilo hilo la mwisho mbele ya mkuu: siku tukiondoka, alama na masomo yetu tunayachukua vipi, na kwa muundo gani? Wakijibu vizuri, walinganisheni na bei ya fundi wa kupandisha toleo. Wakizunguka, mkuu atakuwa amesikia mwenyewe.

Halafu ongea naye kuhusu wewe. Usiende kulalamika, nenda na karatasi ya ukurasa mmoja: hali ya mfumo ilivyo, gharama ya fundi, na maombi yako mawili. La kwanza ni barua ya kukuteua inayotaja vipindi utakavyopunguziwa kwa ajili ya kazi hii, maana kazi isiyo kwenye ratiba haipo. La pili ni mtu mwingine wa kujifunza pamoja nawe tangu mwanzo, hata akiwa karani wa mitihani au mkutubi, alimradi ni mwangalifu na hana mpango wa kuhama. Kilichowafikisha hapa ni mfumo uliokuwa kichwani mwa mtu mmoja, na sasa umehamia kichwani mwako. Huyo wa pili mfungulie akaunti yake mwenyewe ya usimamizi siku hiyo hiyo, msome Moodle Academy pamoja, na nakala ya akiba ya mwezi ujao aichukue yeye, wewe ukiwa darasani.